Kubishana siasa na dini nyuma ya jina la kubandika bila kuvunjiana heshima

Pale Magomeni Mapipa, kijiwe cha kahawa kina taratibu zake ambazo hakuna aliyeziandika. Ukifika unasalimia. Mzee akija unasogea, anakaa. Kikombe kinaunguza, unakishika kwa ncha za vidole na kupuliza, na muda wote unaopuliza mwenzako anaongea na wewe unasikia. Watu wanabishana pale mpaka mishipa ya shingo inasimama: Muungano, tozo, Yesu, Mtume, nani kakatwa jina kwenye kura za maoni. Lakini unayembishia unamwona. Unajua mwanawe amelazwa Muhimbili. Kesho mtagombania siti moja kwenye daladala.

Sasa hamia kwenye kundi la simu ambako mmoja anajiita Mwewe na mwingine Binti wa Pwani, na wote 300 hakuna anayemjua mwenzake. Mada ni zilezile, kahawa haipo, mzee haonekani, mishipa ya shingo haionekani. Mtu anatukana dini ya mwenzake akiwa kitandani, anageuka, analala.

Nimekuwa admini wa kundi la namna hiyo kwa miaka sita. Wanachama wengi ni wa hapahapa Dar es Salaam, kuanzia Bunju mpaka Chanika. Nimefukuza watu, nimewaomba radhi wengine, nimefunga kundi usiku wa manane huku mikono inatetemeka. Ninayoyaeleza hapa ni namna ya kurudisha kwa mikono yale ambayo kijiweni tunayapata bila kuyatafuta.

Hatua ya 1: Chagua jina moja ukae nalo

Kuficha jina si uoga. Mwalimu wa shule ya serikali anayetaka kuisema serikali, muumini mwenye swali asiloweza kulipeleka kwa sheikh wala kwa mchungaji wake, mke aliyeolewa kwenye ukoo ambao wote ni chama kingine: hawa kwa majina yao halisi wasingefungua mdomo. Nimesoma hoja za watu hawa na nimejifunza mengi kuliko kwenye mikutano ya hadhara. Kwa hiyo lilinde jina lako la kubandika, na la mwenzako pia.

Ila liwe moja. Anayebadili jina kila akizidiwa hoja anakimbia deni. Jina likikaa mwaka mzima linaanza kuwa na sura. Watu wanajua huyu ni mtu wa Muungano wa serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), yule ukimgusia Bikira Maria anawaka, na wanaanza kukuchunga kama unavyowachunga.

Epuka jina linalobeba jeshi zima. Mtu akijiita Askari wa Yesu au Mtetezi wa Uislamu, siku hoja yake ndogo ya tarehe au ya tafsiri ikianguka hawezi kuiachia, kwa sababu itaonekana dini ndiyo imeanguka. Jiite Mpenda Dagaa. Utaweza kusema "hapo nilikosea" bila kumwangusha mtu mwingine.

Upande wa usalama: kwenye Telegram ingia sehemu ya faragha, zuia namba yako isionekane na mtu yeyote. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp namba yako wanachama wenzako wanaiona, hivyo usijidanganye kwamba umejificha. Usitaje mtaa wako, kazi yako, wala shule ya mtoto. Na ukumbuke kwamba laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kanuni ya Adhabu nayo inalo kosa la kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Jina la kubandika linakuficha kwa jirani, halikufichi mbele ya sheria.

Ukimgundua mtu ni nani, kaa kimya. Usimwambie hata yeye hadharani kwamba umemjua. Hili kwetu halina onyo la kwanza.

Hatua ya 2: Salimia, na salimia wote

Inaonekana ndogo. Fanya tu. "Asalaam aleikum" ikianza, nusu ya kundi inahisi imeingia nyumba ya watu. "Bwana Yesu asifiwe" nayo vivyo hivyo. "Habari za jioni, ndugu" inamtosha kila mtu. Shikamoo ina ugumu wake, kwa sababu nyuma ya jina hujui kama unaongea na kijana wa miaka 19 au babu wa 70. Ndiyo maana mimi napenda neno ndugu: halina umri, halina dini, na Watanzania tumelizoea tangu enzi za chama kimoja. Mtu akijitambulisha kuwa ni mzee, mpe shikamoo yake hata kama unakwenda kumpinga mstari unaofuata.

Hatua ya 3: Ondoa "hawa watu", weka mahali, saa na kitendo

Kama utaichukua hatua moja tu katika hizi zote, chukua hii.

Machi 2025 Ramadhani na Kwaresma ziliangukiana. Mwanachama mmoja akaandika usiku: "Hawa watu na vipaza sauti vyao wanadhani mji huu ni wao peke yao." Hakusema watu gani. Waislamu wakaona inasemwa adhana. Walokole wakaona inasemwa mikesha. Mpaka nashika simu, meseji zilikuwa zimepita 140, na mtu ameshamkumbusha mwenzake babu yake alikuwa mtumwa wa nani.

Nikasimamisha kundi, nikamwuliza yule wa kwanza maswali manne. Sauti gani? Saa ngapi? Kwa muda gani? Imeelekezwa wapi? Akajibu hivi: "Ni mkesha wa Ijumaa, unaanza saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Spika mbili zimeelekezwa barabarani, si ndani. Mimi ni Mlutheri na nina mtoto wa miezi minne."

Nikafungua kundi. Hakuna aliyetukana. Wa kwanza kujibu alikuwa Mwislamu: "Kwetu adhana ni dakika chache, hiyo siwezi kuiacha. Ila darsa baada ya swala ya alfajiri tunaiweka spika za nje karibu nusu saa. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu ametoka zamu ya usiku anataka kulala." Mlokole mmoja akasema kwao spika zinatazama nje kwa makusudi, ili mwenye dhambi anayepita asikie, na akaeleza kwa nini jambo hilo kwake ni agizo, si fujo. Ubishi uliendelea siku mbili. Wakaifikia Ibara ya 19 ya Katiba, inayolinda uhuru wa dini, wakavutana kama uhuru huo unafika mpaka chumbani kwa jirani saa nane usiku. Kuhusu adhana hawakukubaliana hadi leo. Lakini waliweza kutenganisha adhana na darsa, ibada na spika, jambo ambalo katika zile meseji 140 hakuna aliyeliona.

Basi kabla hujatuma, isome sentensi yako uitafute "hawa", "wao", "nyie", "wenzetu". Kila unapoikuta, jiulize ni nani hasa, alifanya nini, lini, wapi. Ukishindwa kujibu, bado huna hoja. Una hasira, na hasira ina hatua yake huko mbele.

Hatua ya 4: Rudisha hoja ya mwenzako mpaka aseme "ndiyo, hiyo ndiyo"

Kijiweni mtu akisikia umemgeuzia maneno anakukata palepale. Kwenye maandishi unaweza kumpiga mtu kwa hoja asiyoisema kwa siku nzima. Andika kwanza: "Ndugu, nikikuelewa unasema kwamba..." kisha uiseme hoja yake vizuri kuliko alivyoisema yeye. Subiri athibitishe. Mara nyingi atarekebisha kitu, na kitu hicho ndicho mlichokuwa mnagombania.

Mfano wa Katiba mpya. Wawili wanaweza kuvutana usiku kucha, mmoja anasema "katiba mpya ilikuja na serikali tatu", mwingine anasema "mbili, acha uongo". Wote wako sahihi. Mmoja ameshika rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba, iliyopendekeza serikali tatu. Mwenzake ameshika Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, iliyobakiza mbili. Swali la "ndugu, unasoma waraka upi?" lingewaokolea bando.

Hatua ya 5: Kabla hujashusha nondo, hakikisha ni nondo

Takwimu ndizo zinazochoma makundi yetu kuliko matusi, hasa ile ya nani wengi. Utasikia "Waislamu ni asilimia fulani", mwingine anakuja na asilimia yake, kila mmoja kwa uhakika kama aliwahesabu mlango kwa mlango. Ukweli ni kwamba sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu hapa kwetu ilikuwa ya mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na Dar es Salaam peke yake 5,383,728, lakini dini haikuwa miongoni mwa maswali. Asilimia yoyote unayoletewa leo ni makadirio ya mtu fulani. Sema hivyo kwa utulivu, kisha uliza swali linalozaa: hata tukijua nani wengi, tungelitumia jibu hilo kuamua nini?

Hapo ndipo kisa cha Tume ya Nyalali kinapofaa, nami hukitoa mara kwa mara. Mwaka 1991 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi kuuliza kama tubaki na chama kimoja. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka kibaki. Tume ikapendekeza vyama vingi, sheria ikabadilishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika 1995. Anayesema "wengi wape" ana la kujibu hapo, na anayesema "walio wachache wasikilizwe" naye ana la kujibu, maana ni haohao wawili wanaobadilishana viti mada ikihama kwenda Mahakama ya Kadhi, ile ya kuamua mambo ya ndoa na mirathi ya Waislamu. Mtu akiona kwamba kanuni anayoililia leo aliikataa juzi, anapunguza sauti mwenyewe. Usimcheke. Mpe nafasi afikiri.

Hatua ya 6: Kitabu cha mwenzako ingia nacho kama mgeni

Wakazi wa zamani wa Dar es Salaam wanaikumbuka mihadhara ya kulinganisha dini ya miaka ya 1980 na 1990, Biblia na Kurani zikisomwa kwa kipaza sauti uwanjani, kila upande ukitafuta aya ya kumwangusha mwenzake. Wapo waliosoma sana kwa ajili ya mihadhara ile, sikatai. Lakini zilikuwa pia nyakati ambazo, Aprili 1993, mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa hapahapa mjini. Na Oktoba 2012 kule Mbagala, ugomvi wa watoto wawili juu ya msahafu uliishia makanisa kushambuliwa na kuchomwa. Watoto wawili. Ninapoona mtu mzima anaweka kejeli juu ya kitabu cha dini "kuchangamsha kundi", nawakumbuka wale watoto.

Kwa hiyo: taja sura na aya kamili, usiseme "kuna mahali imeandikwa". Taja na tafsiri, kwa sababu Kurani ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy na ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani hazifanani neno kwa neno, na Biblia nazo zinapishana. Soma aya iliyotangulia na inayofuata. Halafu, badala ya kumwambia Mkristo Biblia yake inasema nini au Mwislamu Kurani yake inamaanisha nini, muulize: "Nyinyi aya hii mnaielewaje?" Akikueleza, huo ndio ufahamu wa dini yake ulio mbele yako. Unaweza usiukubali, huwezi kumwambia kwamba haamini anachokiamini.

Wote mna agizo juu ya hili kwenye vitabu vyenu. Sura ya An-Nahl, aya ya 125, inamtaka anayejadiliana ajadiliane kwa namna iliyo bora. Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3 mstari wa 15, unamtaka mwamini ajibu kwa upole. Tumezibandika zote mbili juu ya kundi letu, na mara kadhaa nimemwona mtu akifuta meseji yake mwenyewe baada ya kuelekezwa hapo.

Hatua ya 7: Chunga majina

Chawa, nyumbu, mataga kwenye siasa; kobazi, mgalatia, kafiri kwenye dini. Mnayajua yote, na mnajua kila moja linampiga nani. Ukilitumia, msomaji anaacha kusoma hapohapo; hoja uliyoipanga chini yake umeitupa. Mwite mtu kwa jina alilojichagulia na dini yake kwa jina inalojiita.

Matukio nayo yana majina yanayobeba upande. Mwaka 1998, kwenye mzozo wa Msikiti wa Mwembechai hapahapa mjini, polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Wapo wanaosema "vurugu za Mwembechai", wapo wanaosema "mauaji ya Mwembechai", na ukichagua neno moja umeshahukumu kabla hujaeleza. Mimi huandika "tukio la Mwembechai la 1998" kisha naeleza kilichotokea. Anayetaka neno zito zaidi alete sababu zake, tutamsikiliza.

Hatua ya 8: Hasira iandike, usiitume

Iandike kwenye daftari la simu, kila tusi unalotaka. Weka simu chini, kaoge, kanunue vocha, kaswali. Rudi baada ya saa moja. Mimi baada ya saa nne usiku sijibu mada ya dini kabisa, nimejijua.

Usijibu kwa sauti ya kurekodi ukiwa umekasirika. Maandishi yanafutika kabla ya kutumwa. Sauti ukiachia kidole imeshakwenda, na inabeba pumzi zako zote.

Hatua ya 9: Siku za hatari, ubishi usimame

Kuna siku mjadala si mahali pake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yalizuka na watu wakauawa, intaneti ikazimwa, na hapa mjini tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Iliporudi siku kadhaa baadaye, kundi letu lilijaa kwa dakika chache: picha za miili, majina, watu wanatafuta ndugu zao, na katikati ya hayo mtu anataka kubishana nani alianza.

Tulikubaliana mambo matatu, na ningependa kila kundi liyaweke tayari mapema. Picha ya maiti haitumwi, kwa sababu mama yake anaweza kuwa humo ndani kwa jina la kubandika. Habari isiyo na mahali, saa na aliyeiona kwa macho yake inafutwa. Na mahali mtu alipo hapatajwi na mwingine, hata kwa nia njema. Ubishi wa nani mwenye makosa tuliufungua wiki tatu baadaye, na ulikuwa mzito, na ulistahili kuwepo. Watu walikuwa wamekwisha zika.

Hatua ya 10: Ukikosea, rudi palepale

Si kwa siri kwa mtu mmoja. Ulimkosea mbele ya watu 300, rudi mbele ya haohao: "Jana nilisema hivi. Si kweli. Samahani, ndugu." Usiongeze "lakini". Mwaka wangu wa pili nilimwita mtu mwongo kwa habari ambayo ilikuwa kweli. Nikamwomba radhi faraghani, nikaona yameisha. Wanachama waliendelea kumwita mwongo kwa miezi, kwa sababu neno langu la hadharani ndilo waliloliona. Akaondoka. Nilikuja kuandika hadharani akiwa hayupo tena kusoma.

Kwa mwenye kundi

Uwe na wenzako wawili, na wasiwe wa dini yako wote, wala wa chama chako wote. Meseji ya kufuta ijadiliwe na wawili. Anayetolewa aandikiwe sababu, na kundi lione sababu hiyo, vinginevyo watasema unafukuza upande mmoja, na baada ya muda watakuwa sahihi.

Usiogope kulifunga kundi usiku. Watu watalalamika, watakwambia unaua uhuru wa maoni. Andika saa ya kufungua na uiheshimu hata kama bado una hasira na mtu. Sisi tunafungua saa moja asubuhi, na kwa saa ya kwanza hakuna mada: ni habari za asubuhi tu, nani ameamkaje, mvua imenyesha Kimara au haijanyesha, Jangwani panapitika au maji yamejaa.